Chanjo ndani ya punje ya mchele

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watu 14 waliojitolea kwa jaribio la Chuo Kikuu cha Maryland, mjini Baltimore, Marekani, walipewa viazi mviringo vibichi wavile. Vilimenywa, vikakatwa vipande vidogo na kupimwa kwenye mizani, gramu 50 au 100 kwa mlo mmoja. Kumi na mmoja kati yao walikula viazi vilivyopandikizwa jeni moja ya bakteria wa E. koli, wa aina ile inayowaharisha watoto wadogo na wasafiri. Watatu walikula viazi vya kawaida. Hakuna aliyeambiwa amekula vipi. Damu zao zilipopimwa, watu 10 kati ya wale 11 walikutwa na kingamwili dhidi ya sumu ya bakteria huyo zilizopanda mara nne au zaidi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1998, yakawa ushahidi wa kwanza kwamba binadamu anaweza kujengewa kinga kwa kula mmea uliobadilishwa vinasaba kwa kusudi hilo. Msisimko ulikuwa mkubwa. Ilizungumzwa kwamba haitachukua muda mrefu mtoto wa nchi maskini kupata chanjo kwenye ndizi, iliyolimwa nyuma ya zahanati yake. Zaidi ya robo karne imepita, na hakuna kliniki ya watoto popote inayogawa kiazi, ndizi wala nyanya ya chanjo.

Wapo waliohitimisha kwamba wazo lilikufa. Mimi naona limehama. Limeacha shamba la wazi na kuingia kwenye chumba kilichofungwa, tunda limegeuka unga, na katika sura hiyo mpya linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko lilivyotuhusu enzi za viazi vya Baltimore. Tunahitaji kulifahamu vizuri kabla halijafika mlangoni.

Mama na mtoto wa Bangkok

Septemba 1990 wakuu wa nchi walikutana New York katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto. Baada ya hapo, wanasayansi na mashirika ya afya walianza kutafuta chanjo za aina mpya: za bei nafuu, zinazonywewa badala ya kuchomwa, zinazostahimili joto. Charles Arntzen, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliuchukua wito huo kwa namna yake. Arntzen alisimulia kuwa akiwa Bangkok, Thailand, alimwona mama akimbembeleza mtoto anayelia kwa kumlisha vipande vya ndizi mbivu. Akajiuliza kama ndizi ile ile isingeweza kubeba chanjo.

Mwaka 1992 yeye na wenzake, Hugh Mason na Dominic Lam, walitangaza kwamba wameweza kuufanya mmea wa tumbaku utengeneze protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B. Tumbaku hailiwi, lakini ni mmea unaopokea jeni ngeni bila shida, ndiyo maana watafiti huanzia hapo. Njia waliyotumia inategemea bakteria wa udongoni aitwaye Agrobakteria, ambaye kwa maumbile yake huchomeka kipande cha vinasaba vyake kwenye mimea. Mtafiti humwondolea bakteria huyo vinasaba vya ugonjwa, humbebesha jeni anayoitaka, kisha humwachia afanye kazi aliyozoea.

Msomaji anayeshtuka akisikia chanjo na uhandisi jeni vikitajwa pamoja ajue jambo moja. Chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu ndani ya sindano ya penta hutengenezwa na hamira iliyopandikizwa jeni ya virusi hivyo. Mtoto yeyote aliyekamilisha kadi yake ya kliniki ameshapokea zao la uhandisi jeni, na chanjo hiyo imeokoa maini ya mamilioni. Arntzen alitaka tu kuibadilisha karakana: hamira inahitaji matangi ya chuma, mitambo ya kuchuja na kusafisha, chupa za vioo na friji mpaka mwisho wa safari, mmea unahitaji jua na maji.

Tena alikuwa na sababu nzuri ya kitabibu ya kupitia mdomoni. Vimelea vya kipindupindu, vya kuhara na vya magonjwa mengi ya utotoni huingilia tumboni. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mabaka ya seli za kinga zinazochunguza kila kinachopita. Seli hizo zikimtambua adui, mwili humwaga kingamwili aina ya IgA juu ya utando wa utumbo, pale pale adui anapojaribu kushika. Sindano ya begani hujenga zaidi kinga ya kwenye damu, na mara nyingi kinga hiyo haifiki vizuri kwenye utando.

Lakini utumbo huo huo umefundishwa kuvumilia. Kama usingevumilia, kila sahani ya maharage ingetuletea homa. Protini ya kawaida ikimezwa, ama humeng'enywa na tindikali ya tumbo, ama hupita bila kuamsha kinga, au huuzoesha mwili kuipuuza kabisa. Kwa hiyo watafiti walichagua protini zenye tabia ya kung'ang'ania ukuta wa utumbo, kama ile ya E. koli iliyotumika Baltimore na binamu yake wa kipindupindu, inayojulikana kwa kifupi kama CTB. Hizi ni sehemu za sumu ya bakteria zilizoondolewa ukali: zinashika mahali panapotakiwa, lakini hazidhuru.

Baada ya jaribio la kwanza yakafuata mengine. Mwaka 2000 ilitangazwa kwamba watu 19 kati ya 20 waliokula viazi vyenye protini ya virusi vya Norwalk, ambavyo husababisha kutapika na kuharisha, walionyesha dalili fulani ya kinga. Mwaka 2005 zikaja habari za viazi vya homa ya ini B: karibu theluthi mbili ya waliokula dozi tatu za gramu 100 walipandisha kingamwili. Wote hao walikuwa wamewahi kuchomwa chanjo ya kawaida kabla, kwa hiyo viazi viliamsha kinga iliyokuwapo. Na theluthi moja haikuitikia, kiwango kisichokubalika kwa ugonjwa ambao sindano yake inafanya kazi vizuri.

Isitoshe, viazi vilipaswa kuliwa vibichi. Huko California, William Langridge wa Chuo Kikuu cha Loma Linda alionyesha kwamba viazi vyenye CTB vikichemshwa mpaka vilainike, karibu nusu ya protini hubaki. Ni matokeo ya kutia moyo kwa mwanasayansi. Kwa mpishi ni tatizo, maana hakuna majiko mawili yanayochemsha sawa, na nusu ya nyumba moja huwa robo ya nyumba nyingine.

Kilichokwamisha ndizi

Ndizi ilionekana kuwa suluhisho. Huliwa bila kupikwa, watoto huipenda, hustawi katika nchi za joto, na kwa kuwa migomba tunayolima haitoi mbegu, chavua yake haiwezi kueneza jeni kwenye mashamba ya jirani. Kwenye karatasi hoja hizi zote zilisimama.

Ziangalie sasa mbele ya mkungu wenyewe. Chane za juu hutangulia kukomaa, za chini hubaki changa kwa muda. Ndizi ya juu ni nene, ya mwisho ni kidole. Protini iliyomo hubadilika kadiri tunda linavyoiva, na ndizi mbivu haina siku nyingi kabla ya kuoza. Muuguzi anayetoa chanjo ya sindano anajua kwamba nusu mililita ya leo ni sawa na nusu mililita ya jana. Anayetoa ndizi angejua nini? Mtoto akila nusu akatema nusu, aandikiwe amechanjwa? Akila kidogo mno hapati kinga. Akila mara kwa mara, kuna hatari mwili uzoee na kunyamaza. Halafu mgomba huchukua mwaka na zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo kila jaribio moja linameza miaka ya mtafiti.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoishi na migomba wangeliona mapema. Ni kweli jeni isingesafiri kwa chavua. Lakini Kagera, Buganda na Kivu mgomba husafiri kwa mikono ya watu. Jirani humwomba jirani chipukizi, bibi humpa mjukuu anayeanza maisha, na hakuna daftari la kuandika. Mgomba wa chanjo ungetoka nyuma ya zahanati na kufika sokoni ndani ya misimu michache, ukiwa na sura ile ile ya migomba mingine.

Kuhusu hatari hiyo hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu Marekani ilishaonja kitu kinachofanana nayo. Kampuni ya ProdiGene ya Texas ilikuwa imelima mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yatoe chanjo ya nguruwe. Mwaka 2002, kwenye shamba moja la Nebraska lililokuwa na mahindi hayo msimu uliotangulia, ilipandwa soya. Maotea ya mahindi yalijitokeza katikati ya soya, yakavunwa pamoja nayo, na mzigo ukaingia ghalani. Serikali ilizuia soya yote iliyochanganyika, busheli zipatazo 500,000, yaani zaidi ya tani 13,000, ikaangamizwa. Huko Iowa, ekari 155 za mahindi ya jirani ziling'olewa na kuchomwa kwa hofu kwamba chavua imefika. Kampuni ilitozwa faini ya dola 250,000 na kubebeshwa gharama za takriban dola milioni 3 za kuisafisha ajali hiyo.

Hilo lilitokea kwenye nchi yenye wakaguzi na mashamba makubwa yanayotenganishwa na barabara. Mahindi huchavushwa kwa upepo. Kwetu shamba la nusu ekari limepakana na la mwenzake bila hata tuta, na mahindi hayo ndiyo ugali wa jioni. Kwa maoni yangu, dawa isipandwe kamwe kwenye mahindi ya shamba la wazi katika nchi zetu, awe ameahidi nani na kwa bei gani.

Mimea iliyofika hospitalini kwa mlango mwingine

Wakati chanjo ya kula ikikwama, wengine waliitumia mimea kutengeneza dawa ambazo baadaye husafishwa na kuchomwa kama kawaida. Mei 2012 Marekani iliidhinisha dawa ya ugonjwa wa kurithi wa Gaucher, inayotengenezwa na kampuni ya Protalix ya Israel ndani ya seli za karoti zinazokuzwa kwenye mifuko ya plastiki. Ilikuwa dawa ya kwanza ya binadamu ya aina hiyo kuidhinishwa huko.

Watu wa mashariki ya Kongo wameshakutana na zao jingine la njia hii, pengine bila kujua. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 na kuendelea, wagonjwa wa Beni, Butembo na maeneo jirani walishirikishwa katika jaribio la dawa nne. Mojawapo, ZMapp, ilitengenezwa kwenye majani ya jamii ya tumbaku. Haikushinda: karibu nusu ya waliopewa walifariki, wakati dawa mbili nyingine zilishusha vifo hadi karibu theluthi moja. Mojawapo ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki kuianzisha. Mmea si muujiza; ni karakana, na karakana inaweza kutoa dawa nzuri au ya kawaida.

Wengine wameugeuza hata ule udhaifu wa utumbo kuwa faida. Henry Daniell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huweka jeni kwenye kloroplasti, yale maumbo ya kijani ndani ya seli ya jani, ambako nakala zake huwa maelfu. Yeye na wenzake walilisha mbwa wenye himofilia unga wa letusi uliobeba protini ya kugandisha damu, kwa makusudi ya kuizoesha miili yao iikubali protini hiyo watakapochomwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na yalionyesha kwamba kuvumilia kunaweza kufundishwa. Kwa mgonjwa ambaye mwili wake unaikataa dawa pekee aliyonayo, hilo ni jambo kubwa.

Tokyo, na kisha Zanzibar

Anayejua thamani ya kuachana na friji ni muuguzi wa zahanati. Asubuhi na jioni anasoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kuandika. Joto lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kupanda juu ya 8. Siku ya huduma ya mkoba anapanga vifurushi vya barafu kwenye kikasha, anaweka chupa katikati, anakifunga kwenye pikipiki na kuondoka kabla jua halijawa kali. Kwenye chupa nyingi kuna alama ndogo ya duara yenye mraba mweupe ndani. Joto likiingia, mraba hukolea kidogo kidogo. Ukifikia rangi ya duara, chupa haitumiki tena, hata kama akina mama wameshapanga foleni chini ya mwembe tangu alfajiri.

Hilo ndilo tatizo ambalo Hiroshi Kiyono, Yoshikazu Yuki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tokyo walilishughulikia kwa mchele. Mwaka 2007 walitangaza mpunga uliopandikizwa jeni ya CTB, ile protini ya kipindupindu. Uzuri wa mpunga uko ndani ya punje. Mmea huhifadhi protini zake kwenye vifuko vidogo ambavyo mche utavitumia ukichipua, na vifuko hivyo havivunjwi kirahisi na tindikali wala vimeng'enya vya tumbo. Protini ya chanjo ikihifadhiwa humo inavuka tumbo salama na kufunguka utumboni. Kwenye joto la kawaida la chumba mchele huo ulikaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kuharibika.

Zanzibar inalielewa suala hili kwa vitendo. Mwanzoni mwa 2009, watu wa shehia kadhaa za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa, yenye bakteria waliouawa pamoja na CTB hiyo hiyo. Kwa kuwa CTB tupu haiwezi kustahimili tindikali ya tumbo, dozi ilibidi ichanganywe na maji yenye unga maalumu wa kuipoza. Maana yake, mbali na friji, kila kituo kilihitaji maji safi ya kunywa, vikombe, na mikono ya kukoroga. Kati ya watu wapatao 48,000 waliostahili, karibu 24,000 walimaliza dozi mbili. Waliomaliza walilindwa kwa asilimia 79 katika mwaka mmoja na ushei uliofuata, na hata majirani wasiokunywa walipata nafuu kwa sababu ugonjwa ulipungua mtaani. Kinga ya kupitia mdomoni, kwa hiyo, ilishafanya kazi kwenye visiwa vyetu. Kilicholemea ni mizigo ya kuifikisha.

Watafiti wa Tokyo hawakuupanda mpunga wao bondeni. Waliuotesha ndani ya jengo lililofungwa, kwenye maji yenye virutubisho badala ya udongo, chini ya taa, kwa masharti ya kiwanda cha dawa. Ulipovunwa ulikobolewa na kusagwa, unga ukapimwa kiasi cha protini yake, ukafungashwa kwa dozi. Katika jaribio la kwanza kwa binadamu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, watu 60 wenye afya njema waligawanywa: nusu walikunywa unga wa chanjo, nusu unga wa mchele wa kawaida. Dozi zilikuwa gramu 1, 3 au 6, zikakorogwa kwenye maji ya chumvi na kunywewa mara nne, kila baada ya wiki mbili. Gramu 6 hazijazi kijiko kikubwa cha chakula. Hakukuwa na madhara makubwa, na waliokunywa dozi ya juu ndio waliopata kingamwili nyingi zaidi.

Tusiruke mipaka ya matokeo hayo. Jaribio halikupima kama watu hao wamekingwa dhidi ya kipindupindu chenyewe. Lilipima kingamwili na usalama. Na kati ya watu 30 waliokunywa chanjo, 11 waliitikia kidogo sana au hawakuitikia kabisa. Watafiti walipochunguza choo chao walikuta tofauti ya bakteria wanaoishi tumboni: wenye aina nyingi zaidi za bakteria walielekea kupata kinga nzuri zaidi.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote kwetu, na nashangaa halizungumzwi vya kutosha. Tumbo la mtu mzima mwenye afya wa Tokyo si tumbo la mtoto wa miezi 10 wa Tandale au Kibera, mwenye minyoo, aliyeharisha mwezi uliopita na anayenyonya maziwa yenye kingamwili za mama. Chanjo za kunywa zilishatuonyesha hili. Chanjo ya virusi vya rota ilipojaribiwa Ulaya na Amerika ya Kilatini, ulinzi wake dhidi ya kuhara kukali ulivuka asilimia 80. Ilipojaribiwa Afrika Kusini, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, ulikuwa asilimia 77, na Malawi asilimia 49. Bado ilistahili kutolewa, kwa sababu palipo na vifo vingi hata nusu huokoa wengi. Lakini funzo liko wazi: chanjo ya tumbo haiwezi kukamilika mpaka ijaribiwe kwenye matumbo ya wale wanaoihitaji.

Kujaribu kwa watoto wa wenye shida kuna adabu yake. Kampuni ya Ventria ya Marekani iliotesha mpunga wenye protini mbili za maziwa ya mama, laktoferini na lisozimu. Protini hizo zilichanganywa na maji ya kurudisha chumvi mwilini na kupewa watoto wenye kuhara huko Peru. Watoto 140 walishiriki, na katika matokeo yaliyotoka mwaka 2007, waliopewa protini hizo walipona mapema zaidi: wastani wa siku 3.67 badala ya 5.21. Mzazi aliyewahi kukesha na mtoto anayeharisha anajua siku moja na nusu ni nini. Hata hivyo Peru iliingia kwenye malumbano makali, watetezi wa haki wakihoji kama wazazi walielezwa sawasawa kwamba kilichomo kinatoka kwenye mchele uliobadilishwa vinasaba. Dawa inayofaa ilitiwa doa na maelezo yasiyotosha.

Sheria zinazongoja

Japan ilishalazimika kuamua kitu hiki kiitwe nini. Watafiti wake walikuwa na mpunga mwingine, uliokusudiwa kupunguza mzio wa chavua ya miti ya seda unaowasumbua Wajapani wengi kila majira ya kuchipua, na walitarajia uingie sokoni kama chakula cha afya. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ya huko ikasema hapana: chenye kutibu ni dawa, na kipitie njia ya dawa. Waliotaka wali huo mezani mapema walisikitika. Naamini wizara ilikuwa sahihi. Kitu kinachobadilisha kinga ya mwili kinahitaji dozi, lebo, tarehe ya mwisho wa matumizi na mtu wa kuwajibika, hata kama kinanukia wali.

Kwetu mjadala umekwama kwenye chakula. Kenya iliondoa Oktoba 2022 zuio lake la mwaka 2012 dhidi ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, na mabishano yakahamia mahakamani. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwaka 2017 na tena 2018, na mara zote mbili Rais Museveni hakuutia saini. Tanzania ilianza jaribio la mahindi yanayostahimili ukame huko Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, kisha Januari 2021 serikali ikatangaza kusitisha majaribio ya mbegu hizo. Hoja zilizotolewa pande zote zilihusu mbegu za mkulima, masoko ya nje, umiliki wa makampuni na afya ya mlaji. Ni hoja nzito na nyingine nakubaliana nazo. Ila hazigusi mpunga unaooteshwa ndani ya jengo lililofungwa, usiouzwa kama mbegu, usiopikwa na yeyote, unaotoka mlangoni ukiwa unga uliopimwa. Zuio linaloweka vyote kapu moja litatufungia nje ya dawa, na ruhusa inayoweka vyote kapu moja itatuletea ajali ya Nebraska.

Na uwezo tunao. Umoja wa Afrika umeweka lengo kwamba ifikapo 2040 asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani. Bagamoyo, Korogwe na Kilifi zilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa maelfu ya watoto wa Afrika, kwa viwango ambavyo dunia nzima iliviamini. Kawanda, Uganda, watafiti wamefanya kazi kwa miaka na ndizi zilizobadilishwa vinasaba. Na mji wa Ifakara, kwenye bonde la Kilombero, una vyote viwili: kituo cha utafiti wa mpunga na taasisi ya utafiti wa afya yenye jina la mji huo huo.

Gharama zipo, na asiwepo wa kutudanganya kwamba dawa ya mmea ni ya bure kwa kuwa jua ni la bure. Jengo lililofungwa, taa, vipimo na wataalamu vyote hulipiwa. Medicago ya Kanada ilipata kibali cha nchi yake mwezi Februari 2022 kwa chanjo ya UVIKO-19 iliyotengenezwa kwenye mmea wa jamii ya tumbaku. Shirika la Afya Duniani likaikataa kwa sababu kampuni ya sigara ya Philip Morris ilikuwa na hisa ndani yake, na mwaka uliofuata mwenye mali, Mitsubishi, akaifunga. Sayansi ilifaulu na mtaji ukaondoka. Ndiyo maana kazi ya namna hii haiwezi kuachiwa makampuni peke yake. Magonjwa yake ni ya watu wasio na fedha, na fedha ya umma ndiyo itakayoibeba.

Ombi langu kwa wabunge wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kutunga kanuni za pekee kwa mimea ya dawa, zenye masharti matatu yasiyojadiliwa: iote ndani, isimamiwe na mamlaka za dawa na si za mbegu, na mwenye kuimiliki alipe fidia kikivuja chochote. Kwa watafiti wa Zanzibar, Bagamoyo na Kilifi, ombi ni kwamba wasingoje kualikwa. Wawaandikie wenzao wa Tokyo, wadai sehemu ya jaribio linalofuata ifanyike kwa watu wetu, na data zibaki hapa. Na kwa mzazi atakayeletewa siku moja kikombe chenye unga huo: uliza umeoteshwa wapi, nani ameupima, na mtoto akidhurika nani atawajibika. Uliza kabla ya kutia saini, na usisaini mpaka ujibiwe kwa lugha unayoielewa.